Shajara ya Mradi: Chapa za Mezani, Mbeya, Juni hadi Agosti

Jumamosi, 1 Juni

Leo nimeanza kazi niliyoiahirisha tangu mwaka jana, yaani kuchapa picha kwa mkono nyumbani, juu ya meza ya jikoni, bila mashine na bila kuagiza kitu chochote kutoka Dar es Salaam. Nimejiwekea sharti kwamba kila kifaa kipatikane kwa mwendo wa miguu kati ya Sokomatola na Mwanjelwa, na kwamba fedha zote zisivuke shilingi 40,000. Kila jaribio nitaliandika humu, liwe limefaulu au limeharibika, kwa sababu vipimo nisivyoviandika siku ileile huwa sivikumbuki tena.

Hamu hii iliniingia nilipoziona picha za John Muafangejo wa Namibia, aliyeishi kati ya mwaka 1943 na 1987, ambaye alichonga linoliamu, aina ya zulia gumu la sakafuni, na kuchapa kwa wino mweusi watu, wanyama na maneno yaliyobanana kwenye karatasi moja. Kwa hiyo jambo la kwanza lilikuwa kuitafuta linoliamu. Wauza makapeti wote niliowauliza walinionyesha kapeti la plastiki, na mmoja akanihakikishia kwamba hilo ndilo lenyewe. Silo. Linoliamu, aliyoibuni Mwingereza Frederick Walton katika miaka ya 1860, hutengenezwa kwa mafuta ya mbegu za kitani yaliyogandishwa na kuchanganywa na unga wa koki, lile gome laini la vizibo vya chupa, juu ya kitambaa kigumu, ndiyo maana kisu huingia ndani yake kwa ulaini kama kinakata sabuni. Kapeti la plastiki linateleza, na kisu kikishaanza kuteleza kinaelekea kidoleni. Nimerudi nyumbani mikono mitupu, nikaamua kuanza na kilichokuwa jikoni.

Jumamosi, 8 Juni

Viazi. Hapa kwetu, kwa jinsi nyanda za Uporoto zinavyovishusha kwa malori, hiki ndicho kibao cha bei nafuu kuliko vyote, na hata mtoto anajua kwamba kiazi kikikatwa nusu kinaweza kugeuzwa muhuri. Nilichokuwa sijui ni kwa nini muhuri huo huchapa vibaya. Nakala zangu kumi za kwanza zilitoka na madoa meupe katikati, na rangi ilijikusanya juu ya kiazi kwa matone, kama maji juu ya jani la kabichi.

Jibu ni kwamba kiazi ni maji kwa takriban sehemu nne katika tano za uzito wake, na uso uliokatwa huendelea kutoa maji hayo pamoja na wanga. Niliulaza uso huo juu ya gazeti kwa nusu saa, nikalibadilisha gazeti mara mbili, kisha nikaacha kuchovya kiazi kwenye rangi na badala yake nikawa naigonga rangi juu yake kwa kipande cha sponji ya godoro. Tofauti ilionekana mara moja. Hata hivyo, kingo zimeendelea kuwa nzito kuliko kitovu, kwa hiyo kila duara linatoka na ukingo wa giza na tumbo jepesi. Mwanzoni niliona ni kasoro. Nilipozipanga duara hizo zikipandiana kwenye karatasi ya kaki, zilionekana kama mawe ya mtoni yanayotazamwa kupitia maji, na nisingeweza kuyachora hivyo kwa brashi hata ningejaribu wiki nzima.

Mama, aliyekuja kutoka Tukuyu kukaa nasi msimu huu, alisimama mlangoni akitazama kwa muda.

"Mwanangu, watu wanatafuta viazi vya kupika, wewe unavipaka rangi?"

"Mama, vilikuwa vimeshaota macho."

"Vikiota macho ni mbegu hivyo."

Sikuwa na la kujibu. Vilivyobaki amevichukua, na jioni nimeona tuta jipya nyuma ya choo.

Jumamosi, 15 Juni

Rangi ninayotumia ni ile ya maji ya kopo la plastiki, wanayotumia wanafunzi shuleni. Juma lililopita iliniudhi kwa jambo lingine: ilikuwa ikikauka juu ya kiazi kabla sijafika kwenye karatasi. Majira haya mvua zimekatika, upepo wa baridi unavuma mchana kutwa na hewa ni kavu kiasi kwamba midomo inapasuka. Kila nyumba ya Mbeya ina chupa ya glisirini dirishani kwa ajili ya ngozi, na nilikuwa najipaka mikono baada ya kunawa rangi wakati wazo liliponijia: kitu kinachozuia maji yasitoke kwenye ngozi yangu kwa nini kisizuie maji yasitoke kwenye rangi?

Kinazuia kweli. Kipimo cha kwanza kilikuwa kijiko kimoja cha chai cha glisirini kwa vijiko vinne vya mezani vya rangi, nacho kilikuwa kikubwa mno, kwani nakala nilizochapa Jumamosi zilikuwa bado zinanata Jumatatu, na mbili ziligandana kabisa. Nusu ya kipimo hicho inanipa dakika nne hadi tano za kufanya kazi kwa utulivu, na karatasi inakauka kabla ya usiku. Nadhani hii shilingi 2,000 ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote nilizotumia mpaka sasa.

Jumapili, 23 Juni

Fundi baiskeli wa pale kona amenipa bure tyubu mbili zilizotobolewa zisizozibika tena, na nimeshinda nazo siku mbili. Njia yenyewe ni rahisi. Tyubu hupasuliwa kwa mkasi, huoshwa kwa sabuni ili ule unga mweupe wa ndani utoke, hukatwa maumbo unayoyataka, na maumbo hayo hubandikwa kwa solusheni ileile ya kuzibia pancha juu ya kipande cha mbao. Mbao zangu ni masalia ya msonobari ambayo seremala jirani huyatupa motoni.

Ubora wa tyubu ni kingo zake. Mkasi unakata mpira kwa mstari mmoja safi, na mstari huo unafika kwenye karatasi bila kupotea. Nilikata mgongo wa mlima Loleza kama unavyoonekana kutoka uani kwetu, chini yake nikapanga mapaa ya bati kwa vipande vidogo vya pembe nne, na kwa jua nikatumia kile kiraka cha mviringo kinachozunguka valvu. Jambo ambalo sikulitarajia lilikuwa kwamba kwenye mwili wa tyubu kuna mistari myembamba iliyoachwa na kalibu ya kiwandani, nayo ilichapika yote, ikapita sambamba kwenye miteremko ya mlima kama matuta ya mashamba. Kipande kimoja nilikibandika kinyume na mistari hiyo, na sehemu hiyo ya mlima inaonekana imelala upande. Sitakibandua.

Kwa kukandamiza natumia mgongo wa kijiko cha chuma. Karatasi hulazwa juu ya kibao kilichopakwa rangi, hushikwa kwa mkono wa kushoto isisogee hata unywele, kisha kijiko huzungushwa taratibu kuanzia katikati kuelekea pembeni. Nimeanza kujua kiasi cha rangi kwa kusikiliza. Sponji ikiwa na rangi nyingi, inanyanyuka kwenye mpira kwa sauti ya kunata, kama mtu anayetembea kwenye tope. Ikiwa na kiasi kinachofaa, sauti yake ni ndogo na kavu, inafanana na mafuta yanayokaangika chumba cha pili. Nakala nzuri zote nane za leo zilitokana na ile sauti ndogo.

Karatasi ya kaki imeishinda karatasi nyeupe ya rimu kwa mbali. Ile ya rimu ni ngumu, uso wake unaikataa rangi. Kaki, ya aina wanayotengeneza Mgololo kule Mufindi kwa kazi ya mifuko na vifungashio, ina nyuzi ndefu zinazoipokea rangi na hazichaniki kijiko kinapopita mara nyingi. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, kaki imejaa madukani, na muuza duka la jumla ameniuzia bahasha kubwa zenye kasoro kwa bei ya kutupa.

Jumamosi, 29 Juni

Patasi ndogo za kuchongea picha hazipatikani hapa, na wembe peke yake hauchimbi mfereji; unakata tu. Nilikuwa nimesoma kwamba mbavu za mwavuli zinaweza kugeuzwa patasi, na katika mji unaonyewa kama huu miavuli iliyovunjika si kitu cha kutafuta. Nilitoa mbavu tatu. Ubavu wa mwavuli wa kawaida haukunjwi kama waya wa duara bali kama mfereji, na mfereji huo ndio umbo la patasi ya kuchimbia. Ukiukata na kuunoa ncha yake kwa mshazari, kazi imekwisha.

Wa kwanza niliuharibu kwa haraka yangu. Niliupeleka kwa fundi mwenye mashine ya kusaga vyuma, naye akaunoa kwa sekunde chache mpaka ncha ikageuka rangi ya buluu, na mimi nikafurahia wepesi wake. Rangi hiyo ya buluu maana yake ni kwamba chuma kimepata moto na kupoteza ugumu wake. Ncha ilijikunja kwenye mchongo wa tatu. Wa pili na wa tatu nimezinoa mwenyewe kwenye jiwe la kunolea visu, kwa maji, dakika ishirini kila mmoja, nikamalizia kwenye mgongo wa ukanda wa ngozi. Mpini ni gunzi la hindi: katikati yake ni laini, ubavu unazama kwa kusukumwa tu, gundi kidogo inaushika, na gunzi lenyewe haliterezi mkononi hata mkono ukiwa na glisirini.

Nimechonga soli ya ndala. Nililoweka ndala kuukuu, nikaisugua kwa sabuni ya unga, nikaisawazisha kwa msasa kwa sababu soli huwa na vimistari vya kuzuia utelezi. (Upande wa juu, alipokanyaga mwenye ndala, una mabonde ya kisigino na vidole ambayo msasa haukuyafikia, nimechapa nakala moja bila kuchonga chochote, ikatoka picha ya unyayo iliyo wazi kabisa, na nimeiweka pamoja na zile nzuri.) Patasi ya mwavuli inapita ndani ya soli kwa sauti ya kukwaruza, na uzi wa sponji unajiviringisha mbele yake kama maganda ya chungwa. Hata hivyo soli haishiki mstari mwembamba. Ukiacha ukuta wa unene wa njiti ya kiberiti kati ya mifereji miwili, ukuta unalala kijiko kinapopita juu yake, na mistari miwili inageuka doa moja.

Ilinibidi nikubali jambo ambalo nadhani nimekuwa nikilikwepa tangu tarehe mosi. Nilikuwa nachukua kila kitu mikononi nikikiuliza kama kinaweza kuwa linoliamu, na jibu kila mara likawa hapana: kiazi hapana, tyubu hapana, soli hapana. Wakati huohuo nakala zote zinazonivutia ukutani ni zile ambazo kitu kimefanya ukaidi wake: ukingo mzito wa kiazi, mistari ya kalibu, unyayo wa ndala. Kuanzia sasa swali ninalouliza ni kitu hiki kinachapa nini ambacho kingine hakiwezi.

Jumapili, 14 Julai

Wiki mbili za baridi kali. Asubuhi vidole havikunjiki, na mama hatoki jikoni. Nimeona huu ndio wakati wa jelatini, ule unga wa kugandishia vyakula, kwa kuwa wengi wanaoitumia kuchapia wanahitaji jokofu ili igande, na mimi sina, ila nina usiku wa Julai wa Mbeya.

Nilinunua jelatini isiyo na sukari wala ladha kwenye duka la vifaa vya keki, nayo ndiyo iliyokuwa gharama kubwa ya mradi huu. Nilifuata kipimo cha vijiko viwili vya mezani kwa kila kikombe cha maji, jumla vikombe vitatu. Kwanza unga unarushiwa kwenye maji baridi na kuachwa uvimbe kwa dakika kumi, halafu unaongezwa maji ya moto na kukorogwa polepole bila kuchemshwa, kwa sababu jelatini ikichemka hupungukiwa na nguvu ya kuganda. Povu lililobaki juu nililiondoa kwa kuliburuzia kipande cha gazeti. Nilimimina kwenye trei ya kuokea, nikaiweka juu ya meza ya uani na kuifunika kwa ungo dhidi ya paka. Alfajiri ilikuwa imeganda barabara: ukiigonga pembeni inatikisika yote, na kidole kikiigusa kinaona ubaridi na unyevu lakini hakiachi alama.

Sijawahi kuona kitu kinachopokea undani kama hiki. Nilipaka rangi nyembamba kwa rola niliyoitengeneza kwa chupa ya soda iliyovikwa kipande cha tyubu, nikalaza jani la parachichi juu yake, mishipa ikiangalia chini, nikafunika kwa karatasi na kusugua kwa kiganja, bila kijiko. Nakala hiyo ya kwanza inatoa kivuli cheupe cha jani lililozingirwa na rangi. Kisha nikaliondoa jani taratibu kwa kibano, nikalaza karatasi nyingine mahali palepale. Hii ya pili ndiyo yenye maajabu: rangi iliyobaki imenaswa kwenye michoro ambayo mishipa iliikandamiza ndani ya jelatini, kwa hiyo mshipa mkuu, mishipa ya pembeni, na kati ya hiyo ile nyavu nyembamba ambayo jicho haliioni mpaka jani liinuliwe kuelekea jua, vyote viko kwenye karatasi. Kwenye nakala moja kuna tundu la mdudu, na kuzunguka tundu hilo kuna ukingo wa kovu, mwembamba kama uzi wa buibui, ambao jani lilijitengenezea.

Nilichapa majani ya kangaga, ya mkaratusi, ya mgomba (kipande), na tambi za mahindi yaliyovunwa. Mkaratusi ni mgumu na mnene, unainua karatasi na kuacha pengo kila upande. Kangaga ni rafiki wa kweli wa jelatini. Mama aliacha moto wake akaja kunyoosha majani kwa kuyaweka ndani ya kitabu kikubwa na kukikalia, akasema kwamba jani la asubuhi lina maji mengi na lile la mchana limelegea, hivyo tuchume saa nne. Alikuwa sahihi, na kuanzia hapo uchaguzi wa majani niliuacha kwake.

Ajali ilitokea saa kumi jioni. Ili rangi ikauke upesi nililisogeza jiko la mkaa karibu na meza, nikasahau kwamba jelatini huyeyuka kwenye joto ambalo binadamu hulihisi kuwa la kawaida tu. Upande mmoja ulianza kung'aa, kisha ukateleza ukingoni mwa trei na kudondoka sakafuni kama kamasi ya rangi ya buluu. Nilikusanya kilichobaki, nikakiyeyusha upya juu ya maji ya moto, nikakichuja kwa chandarua na kukimimina tena. Kimeganda usiku huohuo, kikiwa na rangi ya majivu na chepesi zaidi, lakini kinachapa. Wapo wanaoongeza glisirini kwa wingi ili bamba lidumu miezi bila kuoza. Glisirini yangu haitoshi, na bamba hili nimelitumia siku nne mpaka lilipoanza kunuka.

Jumamosi, 20 Julai

Masizi ya kibatari kwa ajili ya kutengeneza wino mweusi: hayakufaa. Masizi yanayakataa maji, yanaelea juu yake kama vumbi, mpaka uyalainishe kwanza kwa matone ya spiriti, na hata yalipokubali kuchanganyika na uji wa ngano yalipiga kijivu na kuchafua kila kitu mpaka kitasa cha mlango. Sitarudia.

Leo pia nimetumbukiza misumari yenye kutu na kipande cha chuma cha kusugulia sufuria ndani ya chupa ya siki nyeupe, bila kukaza kifuniko ili hewa itoke. Itakaa wiki tatu.

Jumapili, 28 Julai

Mpaka sasa nimekuwa nachapa kwa kile kilichoinuka. Juma hili nimejaribu kinyume chake, ambapo wino hukaa ndani ya mikwaruzo na uso wenyewe hufutwa ukawa safi. Wasanii wa Nyumba ya Sanaa, iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1972, akiwemo George Lilanga, waliifanya kazi ya namna hii kwa mabati ya zinki na tindikali. Mimi sina zinki, na tindikali sitaki ndani ya nyumba yenye watoto. Nina maboksi ya maziwa, ambayo ndani yake yana tabaka linalong'aa la alumini lililofunikwa na plastiki nyembamba, na sindano ya kushonea magunia inalikwaruza bila shida.

Wino wa maji haufai hapa kwa sababu unakauka ndani ya mkwaruzo. Mchapaji mmoja wa kadi za harusi mjini amenipa masalia ya wino wa mafuta kwenye kifuniko cha kopo. Wino husukumwa ndani ya mikwaruzo kwa kitambaa, kisha uso unafutwa kwa vipande vya kitabu cha simu cha zamani mpaka karatasi inayofutia itoke karibu safi. Karatasi ya kuchapia lazima iwe na unyevu. Nililoweka, nikaikausha kwa taulo na kuifunga ndani ya plastiki usiku kucha ili maji yasambae sawasawa, maana karatasi kavu haiwezi kuinama kuingia kwenye mkwaruzo kuufuata wino.

Kijiko kimeshindwa. Kinapofikia nguvu ya kutosha, boksi linasogea. Nilimfikiria, na hata nikamuuliza, yule kijana mwenye mashine ya kukamua miwa karibu na stendi ya bajaji; magurudumu yake yana meno, na yeye alinitazama kwa huruma. Suluhisho limetoka kwa seremala: fremu ya mbao nzito za mninga alizokuwa nazo, ubao mmoja juu na mmoja chini, na katikati jeki ya gari ya kuazima. Boksi, karatasi na vipande viwili vya blanketi vinawekwa chini, jeki inapandishwa mpaka fremu inalia. Nakala ya tatu ndiyo iliyotoka, picha ya mikono ya mama akipepeta mchele, na mistari yake ina ukungu laini pembeni ambao unatokana na kifusi cha plastiki kinachoinuka kandokando ya mkwaruzo na kushika wino. Kifusi hicho ni dhaifu. Nakala ya sita ilikuwa imefifia, na ya tisa sikuiweka.

Wino wa mafuta katika baridi hii haujakauka hata siku ya saba. Nasafisha mikono na vifaa kwa mafuta ya kula na kitambaa, kisha sabuni.

Jumapili, 11 Agosti

Juma hili nilikuwa Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale, nikatumia muda mwingi kuliko nilivyokusudia kwenye banda la chai. Leo chai hiyo imeingia kazini.

Siki imegeuka rangi ya kahawia iliyokolea. Chuma kimeyeyuka ndani yake, na chuma hicho kikikutana na tanini, ile inayofanya chai kali ikaze ulimi, hutokea rangi nyeusi ambayo haikai juu ya uzi bali ndani yake. Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyo nyuma ya bogolanfini ya Mali, ambapo kitambaa cha pamba hulowekwa kwenye maji ya majani yenye tanini kisha huchorwa kwa tope lenye chuma. Nilichemsha vikombe viwili vya majani ya chai ya Rungwe katika lita tano za maji, nikaloweka kipande cha amerikani kilichofuliwa vizuri kwa saa sita, nikakianika bila kukisuuza. Kilikuwa rangi ya mkate. Siki ya kutu niliichemsha kidogo pamoja na wanga wa muhogo mpaka ikawa uji mwepesi, kwa sababu ikiwa maji matupu inasambaa kwenye kitambaa kabla ya kushika umbo.

Nilitumia kile kibao cha tyubu, mlima na mapaa. Nilikigonga uji kwa sponji, nikakigeuza juu ya kitambaa kilicholazwa kwenye blanketi, nikakanyaga kwa magoti. Nilipokiinua, karibu sikuona kitu; palikuwa na unyevu wa rangi ya manjano hafifu tu. Mama alikuwa ameshageuka kuondoka. Kisha ukingo wa mlima ukaanza kuwa kijivu, kuanzia pale uji ulipokuwa mzito, na kijivu hicho kikasogea kwenye mapaa moja baada ya jingine, na kabla hatujahesabu mia mbili mlima wote ulikuwa mweusi wa masika.

"Ndaga fijo," mama alisema kwa Kinyakyusa, yaani asante sana, si kwangu. Nadhani aliiambia chai.

Tulichapa kitambaa chote cha mita mbili, yeye akipanga, mimi nikikanyaga. Pale alipotaka nafasi ijazwe tuliweka soli ya ndala isiyochongwa.

Jumapili, 18 Agosti

Matumizi yote ni shilingi 37,500, na zaidi ya theluthi moja ni jelatini. Wino wa mafuta umekauka hatimaye, baada ya siku ishirini.

Kitambaa kimefuliwa mara tatu. Weusi haujapungua, harufu ya siki imetoka. Lakini kwenye paa moja, ambapo uji ulidondoka kwa wingi na sikuufuta, nyuzi zimeanza kulegea, na nikivuta kwa vidole naona mwanga unapita. Chuma kikizidi, pamoja na asidi iliyobaki, hula pamba. Ilinipasa kukitia kwenye maji yenye alkali kabla ya kukifua mara ya kwanza. Leo asubuhi nimeyeyusha kipande cha magadi kidogo, ukubwa wa harage, katika ndoo ya maji, nikakiloweka nusu saa. Mapaa yaligeuka kidogo kuelekea rangi ya zambarau, na mlima haukubadilika. Mama ameshakata kiraka cha kitenge cha kuwekea lile paa bovu kwa nyuma, na kitambaa kiko kambani uani, kinatiririsha maji ya kahawia kwenye tuta la viazi, ambavyo vimeshatoa majani.